Mstari wa Kumi na Mbili

Kila siku alfajiri, kabla kengele ya misa ya kwanza haijalia, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupeleka bidoni tatu, madumu ya maji, bombani. Kazi ya pili ilikuwa kumpeleka mdogo wangu Ezéchiel. Bidoni hazikunisumbua hata siku moja. Bidoni ukiiweka chini, inakaa.

Sisi tunakaa mtaa wa Muhumba, si kule juu kwenye majumba yenye mageti, bali huku chini kwenye mteremko, ambako maji hufika siku yanapojisikia kufika. Ndiyo maana watu wa kwetu hawapangi foleni wenyewe. Bidoni ndizo zinazopanga foleni. Unaweka yako nyuma ya bidoni ya mwenzako, unarudi nyumbani kuwasha makaa na kufagia, na hakuna mtu anayethubutu kuisogeza. Bidoni ikikaa pale, ni kama wewe mwenyewe umekaa pale.

Aliyethubutu ni Ezéchiel peke yake. Alikuwa na miaka saba. Nikigeuka kidogo tu, tayari amezipanga upya zote: za njano pamoja, za buluu pamoja, nyeupe mwishoni. Kisha anachuchumaa pembeni na mfuko wake wa vifuniko, anavipanga navyo, huku akipepea vidole mbele ya macho.

"Charlène! Kamata ule mutoto wenu!" alipiga kelele Maman Christine, jirani yetu. "Bidoni yangu ilikuwa ya tatu, sasa iko ya mwisho! Na hata kusalimia hasalimie!"

Hilo la kutosalimu ndilo lililoumiza zaidi. Kwetu mtoto akimpita mtu mzima bila kumpa mkono, hakuna anayesema mtoto ana shida. Wanasema mama yake hakumlea. Ezéchiel hakumtazama mtu usoni. Ukimuuliza, "Jina lako nani?" naye anakujibu, "Jina lako nani?" "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," wanawake waliambiana, kwa sauti ya kutosha ili Maman, mama yetu, asikie.

Sasa nitasema jambo ambalo si la kujisifia. Sikumwonea Ezéchiel huruma. Nilimwonea wivu, wivu mkubwa, tangu asubuhi hadi jioni. Yai likipatikana, lilikuwa la Ezéchiel, kwa sababu vyakula vingi alivikataa. Nafasi ya kulala karibu na Maman ilikuwa ya Ezéchiel. Siku niliyoleta buletini, ripoti ya shule, yenye asilimia sabini na nane, Maman alisema, "Ni bien, muzuri, mwanangu," bila kugeuza kichwa. Siku ileile Ezéchiel alivaa viatu vyake mwenyewe, tena kinyume, na Maman akacheza dansi katikati ya nyumba. Dansi kwa ajili ya viatu! Mimi nilikuwa navaa viatu tangu zamani, na sikuwahi kuona mtu akitingisha hata bega.

Kitu kimoja tu kilikuwa changu: nywele. Maman anauza nyanya na mboga za lengalenga sokoni siku sita, na siku ya saba, baada ya misa, alikuwa akinisuka mistari kumi na miwili. Nakaa chini kati ya magoti yake, kichwa changu kiko mikononi mwake, na ananisimulia mambo ya sokoni. Lakini tangu Ezéchiel alipofukuzwa darasa la kwanza kwa mara ya pili, hata Jumapili yangu ilianza kuliwa.

Jumapili moja Maman alikuwa amemaliza mstari wa sita. Ghafla jirani akaanza kugonga mabati ya paa lake. Ezéchiel akaziba masikio, akajitupa chini, akapiga mayowe. Maman akaacha kitana kikining'inia kichwani mwangu.

"Ngoja kiloko, Charlène, nakuya."

Nilingoja hiyo kiloko mpaka jua likazama. Jumatatu nilienda shule nikiwa nimesukwa nusu kichwa, nusu nyingine nimeifunika kwa kitambaa. Kitambaa hakifichi kitu darasani. Martine, anayekaa nyuma yangu, alikivuta wakati wa mapumziko.

"Eh! Ule mwenye alikusuka, polisi ilimukamata katikati?"

Darasa zima likacheka. Nikalia chooni, nami nikaapa moyoni kwamba Ezéchiel atanilipa.

Siku hiyohiyo habari ikafika kwamba daktari wa watoto wenye shida ya kusema na kuelewana na wengine anakuja kwa meli kutoka Goma. Jina lake Docteur Colette. Angewaona watoto Jumatano na Alhamisi kwenye kituo cha afya cha parokia, na Ijumaa angerudi. Papa alikuwa ameshazungumza na Directeur Lucien, mkuu wa shule yenye darasa dogo la watoto kumi. Alikubali kumpokea Ezéchiel, ila kwa sharti moja: "Muniletee kartasi ya docteur. Nikijua iko na nini, mwalimu atajua atamufundisha namna gani."

Basi kila kitu kilitegemea karatasi hiyo. Na wazazi wangu walifanya nini? Walifanya kile ambacho wazazi wote wa mtaa wetu wangefanya: wakaona aibu kumpeleka mbele ya daktari mtoto asiyejua kusalimia. Siku mbili nzima walimfundisha. "Nyoosha mukono, sema: Jambo Docteur, niko muzima." Kila akisema, anapewa kipande cha andazi. Mimi nimesalimu mteremko mzima wa Muhumba kwa miaka kumi na miwili, na sijapewa hata makombo!

Jumatano tukaenda wote wanne. Ezéchiel alikuwa amevalishwa shati jeupe lililofungwa hadi shingoni. Akaingia, akanyoosha mkono, akauambia ukuta, "Jambo Docteur, niko muzima." Maman akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Daktari alipomwaga vitu vya kuchezea mezani, vidole vya Ezéchiel vikaanza kupepea, lakini Maman akavishika na kuvikandamiza magotini.

"Tulia, baba. Kaa mupole."

"Anaitika mukimuita?" daktari akauliza.

"Anaitika," Papa akajibu haraka. "Anasalimia batu bote."

Docteur Colette aliwatazama, akaweka kalamu chini. "Mchana nani anabakia na mutoto?"

"Dada yake, akitoka shule," Maman akasema. "Mi niko sokoni, papa yake iko kwa kazi ya kujenga."

Daktari akawaomba watoke na Ezéchiel. Tukabaki wawili. Akasogeza kiti chake karibu na changu.

"Charlène, mi nimemuona dakika makumi ine tu, tena na shati ya sikukuu. Wewe unamuona kila siku. Nisaidie. Anachezaka na batoto bengine?"

Nikatazama chini. Nilijua jibu. Nilijua pia kwamba karatasi hiyo ingekuwa na muhuri. Mpaka sasa Maman alikuwa wa Ezéchiel kwa mazoea tu. Sasa angekuwa wake kwa muhuri.

"Ndiyo," nikasema. "Anachezaka."

"Akitaka kitu, anasema?"

"Anasema muzuri."

"Na kelele? Inamuumiza?"

"Hapana. Analiaka juu anataka Maman amubebe. Ni kichwa nguvu tu, ubishi."

Daktari akafunga daftari lake. Kisha akawaita wazazi. "Siwezi kuandika kitu sijaona na sijaambiwa," akasema. "Nitarudia mwaka kesho. Tutamuangalia tena."

Njiani Maman alishukuru Mungu kwamba mtoto hana ugonjwa. Papa alitembea mbele yetu hadi tulipofika mlangoni, halafu akasema maneno ambayo sikuyatazamia.

"Kumbe haiko mugonjwa. Ni kichwa nguvu tu. Basi shule hakuna. Posho nitamupeleka Luvungi kwa tonton Delphin. Kule mu mashamba ya mupunga atanyoroka."

Posho ndiyo Jumamosi. Na tonton Delphin, ndugu wa Papa, anajulikana kwa fimbo zake kuliko kwa mpunga wake.

Ninyi mnaosoma mtadhani niliogopa papo hapo. Hapana. Nilifurahi. Nililala mchana ule nikihesabu: yai langu, kitanda cha Maman changu, Jumapili zangu zote. Na kama kunithibitishia, saa kumi Maman akatoka uani na kitana.

"Charlène, kuya nikumalizie kichwa."

Nikakaa kati ya magoti yake. Hakuna aliyetukatiza. Ezéchiel alikuwa kwenye kizingiti na mfuko wa nguo aliomfungia Maman kwa ajili ya safari. Alikuwa amezitoa nguo zote na kuzipanga kwa rangi: kaptura ya buluu karibu na soksi ya buluu. Maman hakuzirudisha. Alisuka mstari wa saba, wa nane, wa tisa, bila kunisimulia hata neno moja la sokoni. Kisha kitu cha moto kikadondoka shingoni mwangu, kikafuatwa na kingine.

"Kule Luvungi," akasema taratibu, kana kwamba anajisemea, "nani atajua kama hakulake ndizi ikigusa maharagi? Nani atajua?"

Mimi nilijua. Duniani kote tulikuwa wawili tu tuliojua, na mmoja wetu, mimi, alikuwa ndiye anayempeleka kwenye fimbo. Nikamwona Ezéchiel ameziba masikio katikati ya mpunga, na tonton Delphin akimwambia aache ubishi. Furaha yangu ikageuka kuwa uchungu mdomoni. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikumaliza hata siku moja.

"Maman, nilidanganya."

Mikono yake ikasimama.

"Kwa docteur. Aliniuliza, nikamudanganya yote. Nikasema anachezaka na batoto, anasema muzuri, kelele haimuumize."

Nilingoja kofi. Halikuja.

"Juu ya nini, Charlène?"

"Juu ukinisuka mimi, unaniachaka!" Nikalia kwa sauti. "Kila siku unaniachaka!"

Maman aliweka kitana chini. Kisha akafuta uso wake kwa pindo la kitenge. "Na mimi nilidanganya," akasema. "Nilimufundisha kusalimia juu docteur asione haya yangu. Nilimupeleka mutoto mwengine, nikamuacha wa kwetu ku nyumba."

Akashika kitana ili aendelee, lakini safari hii mimi ndiye niliyesimama. Ilikuwa imebaki mistari mitatu. Niliiacha ibaki. Nilitaka tumwambie Papa kwanza, nasi tukamwambia, naye akasema kesho turudi kwa daktari.

Alhamisi asubuhi, kabla ya watoto wengine kufika, nilisimama mbele ya Docteur Colette na kichwa changu ambacho hakijaisha kusukwa, Maman na Ezéchiel nyuma yangu. Nikamwambia ukweli wote, hata ule wa muhuri. Hakukasirika. Alichukua daftari lake na kuuliza, "Saa hii mudogo wako angekuwa wapi?"

"Ku bomba."

"Basi twende ku bomba. Na shati ya kila siku."

Pale bombani daktari aliketi juu ya jiwe kati ya wanawake, na wengi walidhani amekuja kungoja maji. Ezéchiel, akiwa na fulana yake ya zamani, akaanza kazi. Njano na njano, buluu na buluu. Maman alitaka kumzuia, daktari akamshika mkono. Safu ilipokaribia kukamilika, Maman Christine akaja, akaikokota bidoni yake ya njano hadi mbele.

Ezéchiel akaanguka chini kana kwamba amepigwa. Akaziba masikio, akapiga mayowe, akagonga kisogo ardhini. Wanawake wakaanza kupiga kelele nao: mchapeni, mwombeeni, mmwagieni maji! Mimi sikungoja kuambiwa. Niliweka kitambaa changu chini ya kichwa chake. Nilichukua kifuniko kimoja cha njano, nikakiweka kiganjani mwake bila kumshika, nikaketi karibu naye, nikakaa kimya.

"Nyamazeni kiloko, bamaman, tafazali," nikasema.

Wakanyamaza, kwa mshangao zaidi kuliko kwa heshima. Kidogo kidogo mayowe yakapungua. Ezéchiel akakizungusha kifuniko mara moja, mara mbili, halafu akaketi.

Docteur Colette alikuwa akiandika bila kuinua kichwa. Alipomaliza akaniuliza, "Nani alikufundisha kufanya vile?"

"Hakuna. Nilimuona tu."

Aliendelea kumwangalia Ezéchiel hadi saa ya watoto wengine ikakaribia, akawauliza wazazi maswali yaleyale ya jana, na mara hii wakamjibu bila kupamba. Papa alikuwa ameitwa kutoka kazini, bado ana saruji mikononi.

"Mutoto wenu iko na autisme," daktari akasema. "Mu Kiswahili ya vitabu banaita usonji. Haiko uchawi, haiambukize, na haitoke kwa malezi mubaya. Alizaliwa na akili yenye kupokea mambo kwa njia yake: kelele ndogo kwake ni kubwa, na mambo ya batu, kama kusalimia na kungojea, atayajifunza pole pole, moja moja."

"Na fimbo?" Papa akauliza, macho chini.

"Papa Anaclet, mutu mwenye haone mbali, unamupiga fimbo ili aone?"

Papa akatikisa kichwa. Neno Luvungi halikutajwa tena nyumbani kwetu.

Daktari alitufundisha mambo machache. Tumwonyeshe Ezéchiel jambo badala ya kumweleza tu. Asilazimishwe kutazama watu machoni. Akipunga mkono, hiyo nayo ni salamu. Na kungoja, akasema, ni kugumu kwake kwa sababu hawezi kuona mwisho wake. Tumwonyeshe mwisho. Akapiga muhuri kwenye karatasi ya Directeur Lucien, kisha akanigeukia.

"Charlène, kusikia wivu haiko zambi. Kila mutu anaisikiaka. Ubaya ni kuipatia kinywa yako iseme uongo. Siku ingine ikikushika, sema tu: 'Maman, na mimi niko hapa.'" Kisha akamwambia Maman, "Na wewe ukisikia vile, geuka. Huyu naye ni mutoto. Apate saa yake kila juma, na Ezéchiel ajifunze kungojea."

Jumapili iliyofuata nilifumua nywele zote ili tuanze upya. Mimi ndiye niliyepata wazo. Nilimwomba Ezéchiel vifuniko kumi na viwili, nikavipanga mbele yake kwenye kizingiti. "Mustari moja, kifuniko moja," nikamwonyesha. "Vikiisha, Maman ni wako." Papa aliketi kando yake.

Mstari wa kwanza ukaisha. Nikakitia kifuniko cha kwanza kwenye mfuko wake. Wa pili, Ezéchiel akakitia mwenyewe. Maman akaanza kunisimulia juu ya mteja aliyetaka kununua nyanya moja tena kwa bei ya nusu, nami nikacheka. Mstari wa saba, kule kwa jirani sufuria ikaanguka. Ezéchiel akaziba masikio. Nikasikia magoti ya Maman yakitaka kuinuka.

"Maman," nikasema, "na mimi niko hapa."

Magoti yakarudi chini. Papa akachukua kifuniko, akakiweka kiganjani mwa Ezéchiel, akakaa kimya kama nilivyomfundisha. Mayowe hayakuja. Ezéchiel alivitazama vifuniko vilivyobaki, na mikono yake ikashuka polepole.

Mstari wa kumi na mbili ulipokwisha, kilikuwa kimebaki kifuniko kimoja cha buluu. Ezéchiel hakukitia mfukoni. Alikuja hadi nilipokaa, akakiweka mkononi mwangu huku akiutazama ukuta, akasema, "Jambo Docteur, niko muzima."

Tulicheka mpaka Maman akashika mbavu. Kisha akanikalisha tena kidogo, akapitisha kiganja juu ya mistari yangu yote kumi na miwili.

"Nilifikiri nikimupenda ule mwenye shida peke yake, ninyi wawili mutashiba," akasema. "Kumbe mutoto mwenye kunyamaza naye iko na njaa. Ukweli yako ndiyo ilitupatia kartasi, Charlène. Usiicheleweshe tena."

Jumatatu nilienda shule bila kitambaa.